Kitufe cha Volti 48 na Waya Unaoubeba Umeme Wake: Hotuba kwa Mafundi Mitambo, Dodoma

Hii ni hotuba niliyoitoa mjini Dodoma mbele ya mafundi mitambo wa makanisa, misikiti, kumbi za mikutano na redio za jamii. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, viongozi wa dini mliopo, walimu wa kwaya, na ninyi ndugu zangu mafundi mitambo mliotoka Kongwa, Bahi, Chamwino, Mpwapwa na Kondoa: mbukwenyi! Nawashukuru kwa kuacha kazi zenu katika kiangazi hiki, wakati ambapo kila Jumamosi ina harusi zake na kila wiki ina mkutano wake wa hadhara, mkaja kukaa hapa kusikiliza habari za nyaya.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie kitufe kimoja tu. Mnakijua wote. Kiko juu ya mikisa, chombo cha kuchanganyia sauti, mara nyingi ni chekundu, na kimeandikwa +48V. Katika kumbi kadhaa za mkoa huu nimekikuta kimefunikwa kwa utepe mweusi, na juu ya utepe pameandikwa kwa kalamu: USIGUSE. Ukimuuliza fundi wa mahali hapo sababu, anakujibu kwamba kitufe hicho kinaua maiki. Ndugu zangu, nani kati yetu amekiona kikiua? Nani ameifungua maiki iliyokufa akakuta ndani yake alama ya volti 48? Nimekuja kukitetea kitufe hicho, na katika kukitetea nitalazimika kumtaja mkosaji halisi, ambaye tunamkunja kila siku na kumtupa kwenye sanduku bila kumtazama. Mkosaji huyo ni waya.

Tuanze na umeme wenyewe, kwa sababu anayeuelewa hatauogopa. Maiki zetu ziko za aina kuu mbili. Ya kwanza ni dainamiki, kama Shure SM58, ambayo imekuwa sokoni tangu mwaka 1966 na ambayo, iwe halisi au ya bandia, sidhani kama kuna ukumbi hapa mjini usiokuwa nayo. Hiyo haihitaji umeme wowote, kwa maana sauti inatikisa koili ndogo iliyo ndani ya sumaku, na koili hiyo inazalisha mawimbi yake yenyewe. Ya pili ni kondensa, ambayo ndani yake kuna utando mwembamba uliosimama mbele ya bamba, pamoja na saketi ndogo isiyoweza kufanya kazi bila kulishwa umeme. Maiki ya mimbari yenye shingo ya kupinda kwa kawaida ni kondensa. Maiki zinazoning'inizwa juu ya kwaya ni kondensa. Na kwa sisi wa Ugogoni, kondensa ndiyo inayofaa kunasa zeze na ilimba, ala zetu za asili, kwa sababu sauti ya nyuzi za zeze ni ndogo, na ukiweka dainamiki umbali wa hatua moja kutoka kwa mpigaji utakachopata ni ngoma za muheme za akina mama walio pembeni, na zeze hutalisikia kabisa.

Umeme huo tuliurithi kutoka mbali. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Berlin ilikuwa na maiki mpya ya transista, KM 84, na mteja wake alikuwa shirika la utangazaji la Norwei, ambalo lilitaka maiki hiyo ilishwe umeme kwa waya uleule unaobeba sauti, bila boksi la pembeni. Studio zao tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 uliowekwa kwa ajili ya taa za dharura za majira ya baridi, basi wakautumia huohuo. Ndiyo maana leo, huku Dodoma tusikojua majira ya baridi yenye giza mchana, mikisa zetu zinatoa volti 48 na si 50 wala 40.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha yote nitakayosema. Mikisa inapeleka volti 48 za mkondo mnyoofu (DC, kama wa betri) kupitia rezista mbili zinazolingana, kila moja ya kiloomu 6.8. Plagi ya maiki, iitwayo XLR, ina pini tatu: rezista moja inalisha pini ya 2, nyingine inalisha pini ya 3. Maiki ikishautumia umeme huo, unarudi kwenye mikisa kwa njia ya pini ya 1, yaani kwa wavu wa shaba unaozizunguka nyuzi mbili za ndani. Je, ukichomeka dainamiki kwenye chaneli yenye umeme huo, itaungua? Haiungui. Ncha moja ya koili yake iko kwenye volti 48, na ncha ya pili nayo iko kwenye volti 48. Ni kama mzega wenye ndoo mbili zilizojaa sawa: uzito upo, lakini haulali upande wowote. Pasipo tofauti ya volti hakuna mkondo unaopita, na pasipo mkondo hakuna kinachoungua.

Lakini usawa huo unatunzwa na nani? Unatunzwa na waya. Pini ya 2 ikigusana na pini ya 1 ndani ya plagi iliyolehemiwa vibaya, usawa umekwisha. Uzi wa pini ya 3 ukikatika, usawa umekwisha. Ukitumia waya wenye XLR upande mmoja na jeki ya milimita 6.3 upande wa pili, ule ambao ndani yake pini ya 3 imeunganishwa na wavu, usawa umekwisha kabla hujaanza. Pini moja ikigusana na wavu namna hiyo, ndipo mkondo wa takriban miliamperi 7 unapoanza kupita kwenye koili au kwenye transfoma ya maiki. Dainamiki ngumu kwa kawaida itanusurika, ingawa sauti yake itaharibika na itakwaruza. Maiki ya utepe, ambayo ndani ina ukanda wa alumini mwembamba kuliko karatasi ya sigara, inaweza isinusurike, hasa zile za zamani. Kisha lawama inakiangukia kitufe.

Nitawapa mfano. Kwaya moja ya upande wa Chamwino ilikuwa ikirekodi nyimbo za asili kwa maiki mbili za kondensa. Moja ilitoa sauti nzito, safi. Nyingine ilitoa sauti nyembamba, dhaifu, na kila mtu alipokanyaga jukwaa ilikwaruza. Walibadilisha chaneli, hali ikabaki vilevile. Wakahitimisha kwamba umeme wa 48 umeichoma maiki, na mwalimu wa kwaya alikuwa tayari anauliza bei ya maiki mpya. Niliomba jambo moja tu, nyaya zibadilishane. Tulipozibadilisha, ugonjwa ukahamia kwenye maiki ya kwanza. Tukaifungua plagi ya waya ule. Kibanio cha ndani, kile kinachopaswa kuuuma waya usivutike, hakikuwamo. Uzi wa pini ya 3 ulikuwa umebakiwa na nywele mbili za shaba zilizogeuka nyeusi, zinagusa na kuachia, na risasi ya kulehemia juu yake ilikuwa tonge lililopoa kabla ya kushika. Kwa hiyo maiki ile ilikuwa ikilishwa kwa mguu mmoja na kusikika kwa mguu mmoja. Tulikata sentimita chache, tukalehemu upya, na nyimbo zikaendelea kurekodiwa jioni ileile.

Ukilielewa tukio hilo una kipimo mkononi. Dainamiki ikitoa sauti yenye mvumo na kondensa ikawa kimya kabisa kwenye waya uleule, shuku pini ya 1, kwa sababu umeme hauna njia ya kurudi. Kondensa ikisikika dhaifu na yenye mikwaruzo, shuku pini ya 2 au ya 3. Na mkitaka uhakika, wekeni mita kwenye volti za mkondo mnyoofu mwisho wa waya uliochomekwa kwenye mikisa, bila maiki. Kati ya pini ya 1 na ya 2 mnapaswa kusoma kati ya volti 44 na 52. Kati ya pini ya 1 na ya 3 msome kiasi hichohicho. Kati ya pini ya 2 na ya 3 msome sifuri, au karibu sana na sifuri. Waya au chaneli inayotoa namba tofauti na hizo iwekwe pembeni hadi kasoro ipatikane.

Basi tunaununuaje waya? Najua wengi mngependa nitaje kampuni. Sitataja, kwa sababu plagi bandia zenye majina makubwa zipo, na jina lililochapwa kwenye plastiki halilehemu waya. Angalieni kilichomo. Waya wa maiki una nyuzi mbili za ndani na wavu. Kama muuzaji anakupa waya wa spika wenye nyuzi mbili bila wavu, akakuambia kwamba waya ni waya, mshukuru na uondoke, kwa sababu waya huo hauna pini ya 1 ya kurudishia umeme na unavuta mvumo wa hezi 50 kutoka kila waya wa TANESCO ulio karibu. Wavu wa kusukwa unavumilia kukunjwa na kukanyagwa, kwa hiyo ndio wa jukwaani. Wavu wa karatasi ya alumini unakinga vizuri sana, ila unachanika ukikunjwa mara kwa mara, na mahali pake ni ndani ya ukuta au chini ya sakafu, ukishalazwa usiguswe tena. Kuna pia nyaya zenye nyuzi nne za ndani zilizosokotwa. Hizo zinapunguza mvumo kwa kiasi cha kuonekana, na nazipendekeza kwa kumbi ambazo nyaya za taa na za maiki zimelazimika kupita njia moja, lakini kwa kanisa dogo ni fedha ambayo ingefaa zaidi kununulia plagi imara.

Nendeni dukani na sumaku ndogo mfukoni. Shaba haivutwi na sumaku. Nyuzi zikivutwa, mmeuziwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na kitakatika ndani ya ganda bila kuonekana nje. Kwa alumini iliyopakwa shaba sumaku haitawasaidia, basi kwarueni uzi kwa wembe muone kama ndani ni mweupe. Fungueni plagi mbele ya muuzaji. Asiyekubali plagi yake ifunguliwe amekwisha kuwajibu. Tazameni kama kibanio kipo, kama risasi inang'aa na imeshika, na kama pini ya 1 imeunganishwa na gamba la plagi. Mimi sipendi muunganisho huo kwenye nyaya za jukwaani, kwa sababu gamba likigusa chuma cha jukwaa linafungua njia ya pili ya ethi, yaani ya kwenda ardhini, na mvumo unaingia.

Vipi kuhusu urefu? Hili nalipita upesi, kwa kuwa linawasumbua watu bila sababu. Maiki ya kawaida ya XLR ina ukinzani wa omu 150 hadi 200 hivi, na hata kwa mita 100 za waya mzuri sauti nyembamba hazipotei kwa kiwango ambacho sikio litakijua. Wenye kuhofia urefu ni wale wa maiki zenye ukinzani mkubwa na jeki ya milimita 6.3, hao wasivuke mita sita hivi.

Ndugu zangu, sasa tugeuke upande wa pili. Umeme huu hauishii kwenye maiki. Unakwenda popote waya wa XLR unapokwenda. Nani aliwaambia kwamba kila tundu la XLR lina maiki mwisho wake?

Hapa Dodoma ndiko serikali iliko, na kwa hiyo mikutano na waandishi wa habari haikosekani wiki. Kila mwenye kamera anataka sauti kutoka kwenye mikisa. Katika mkutano mmoja wa namna hiyo, fundi alitoa waya kutoka kwenye tundu la kutolea sauti akampa mpiga picha, naye akauchomeka kwenye kamera yake. Kamera nyingi za kazi zina swichi yenye nafasi tatu: laini, maiki, na maiki pamoja na volti 48. Swichi ya kamera ile ilikuwa kwenye nafasi ya tatu, kwa sababu asubuhi yake ilikuwa imefungwa maiki ya kondensa. Mnaona kilichotokea? Volti 48 zilirudi kinyumenyume hadi kwenye tundu la mikisa, na tundu hilo halikutoa sauti tena tangu siku hiyo. Watu waliilaumu mikisa kwamba ni ya bei rahisi. Pengine ilikuwa ya bei rahisi kweli, lakini hakuna aliyeitazama swichi.

Hali ni hiyohiyo kwa kompyuta ya mpiga muziki wa harusi, kwa simu, kwa kinanda na kwa kipokezi cha maiki isiyo na waya. Mikisa ndogo nyingi zina kitufe kimoja kinachowasha volti 48 kwenye chaneli zote za XLR kwa pamoja. Ukiwasha kwa ajili ya maiki ya mimbari, umewasha pia kwa ajili ya kompyuta iliyounganishwa kwa waya wa kubahatisha wa jeki ndogo na XLR, na kapasita zilizo kwenye tundu la kutolea sauti la kompyuta hazikutengenezwa kuvumilia volti 48. Dawa yake inajulikana. Vyombo hivyo viingizwe kwenye matundu ya laini yanayopokea jeki ya milimita 6.3, ambayo kwa kawaida hayana umeme huo, au vipite kwenye DI boksi (kisanduku cha kuunganishia vyombo na mikisa) yenye transfoma, ambayo inapitisha sauti na kuuzuia mkondo mnyoofu. Kwa waandishi, tumieni boksi la kugawia sauti lenye transfoma kila tundu, na hata hivyo mwombeni kila mpiga picha awaonyeshe swichi yake. Msione haya kumwambia; kaka au dada huyo atakushukuru.

Nakuja kwenye shtaka zito kuliko yote, kwamba volti 48 zinapiga watu shoti. Katika mkutano mmoja wa hadhara, mpiga gitaa ambaye pia ni mwimbaji aliusogeza mdomo kwenye maiki, akarushwa kichwa nyuma. Kelele ikawa moja: zima hiyo 48! Niliweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha maiki na nyingine kwenye nyuzi za gitaa, nikiwa nimeiweka mita kwenye mkondo geu (AC), ule wa umeme wa ukutani. Ikasoma volti 115. Mkondo geu, ndugu zangu, na nusu ya 230! Kitufe cha 48 kinatoa mkondo mnyoofu, kinaupitisha kwenye rezista zinazouzuia usizidi miliamperi 14 hata pini zote mbili zikigongana na pini ya 1, na tena kichwa cha maiki kimeunganishwa na pini ya 1, ambako hakuna volti 48 hata kidogo. Tulipoufuata waya wa amplifaya ya gitaa tulikuta mtu ameukata waya wa ethi ndani ya plagi ya pini tatu, kwa sababu siku za nyuma amplifaya ilikuwa inavuma na alipoukata ikaacha kuvuma. Amplifaya isiyo na ethi huelea karibu na nusu ya volti za ukutani kwa sababu ya kapasita za kuchujia umeme. Mshtuko huo unauma, lakini mkondo wake ni mdogo. Siku waya wenye moto utakapogusa gamba la amplifaya hiyo, volti 230 zote zitapita kwenye mikono na midomo ya mwimbaji.

Kwa hiyo naomba, tena nasisitiza: msikate ethi. Mvumo ukiwasumbua, msikate ethi. Mwenye ukumbi akiwaambia mkate, msikate ethi. Mvumo unatibiwa kwenye waya wa sauti, kwa DI boksi yenye transfoma na swichi yake ya kutenganisha ethi ya sauti, na kwa kuzitenga nyaya za maiki na zile za umeme, zikilazimika kukutana zikatize msalaba. Na kama ukumbi wenyewe hauna ethi, hiyo si kazi yetu sisi watu wa sauti. Aitwe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aifanye.

Imebaki kanuni ya matumizi, nayo ni fupi. Kabla ya kuwasha kitufe, shusha sauti ya chaneli na uifunge. Chomeka waya pande zote mbili. Washa volti 48. Subiri sekunde kadhaa saketi ya maiki itulie, kisha fungua chaneli na upandishe sauti taratibu. Wakati wa kufunga, fanya kinyume chake: funga chaneli, zima kitufe, subiri hadi dakika moja kapasita zimwage umeme uliobaki, ndipo uchomoe. Anayechomoa waya huku umeme umewashwa na sauti iko juu anatoa mlio unaoweza kupasua tweta za spika, zile zinazotoa sauti nyembamba, na kwa kuwa pini za 2 na 3 haziachii kwa wakati mmoja kabisa, kwa kitambo kidogo anakuwa ameuvunja ule usawa niliousema mwanzoni. Vumbi letu la Dodoma nalo linazidisha tatizo. Pini chafu inayopitisha umeme huu inakwaruza hata kama waya ni mpya, basi kila baada ya mkutano wa uwanjani safisheni plagi kwa dawa ya kontakti, kitufe kikiwa kimezimwa.

Nimemaliza upande wangu. Pale mezani kuna mita tatu, pasi mbili za kulehemu na risasi ya kutosha. Mwenyekiti aliwaomba mje na nyaya zenu, na naona wengi mmetii. Tuzipime zote kabla ya chakula, tukianza na zile mnazoziamini zaidi. Utakaoshindwa tunaufungua hapohapo, wote tukitazama, na maswali nitayajibu tukiwa kazini.